Finjani Hutikiswa

Daktari alichora nyuma ya karatasi ya dawa:
"Tumbo lako, Hamdun, lilikuwa mkono wa tembo.
Sasa ni kisukari. Tena kimoja."
Nikacheka, mshono ukanivuta,
nikajua hata kicheko kimewekewa kipimo.

Wiki ya kwanza Shinuna alininywesha supu
kwa kijiko cha dawa ya kikohozi ya watoto.
Mistari ya plastiki: mbili na nusu, tano.
Mimi, niliyekuwa nikimaliza kichwa cha nguru
na ukoko wa chini ya sufuria
kabla muadhini wa Mabela hajasafisha koo.

Haba na haba hujaza kibaba, tuliambiwa chuoni.
Kwangu haba ya kwanza tu,
kibaba kishafurika.

Sasa natafuna. Mara ishirini, ishirini na tano,
nahesabu kama mtu anayevuta tasbihi,
samaki anageuka uji, uji unageuka fikra.
Maji nusu saa kabla, nusu saa baada,
kamwe si pamoja na chakula: wamekuwa wake wenza,
kila mmoja na zamu yake.

Siku ya halwa sitaisahau.
Kipande sawa na ukucha, nyumbani kwa shemeji, Barka,
zafarani na samli vikimeremeta.
Moyo ukaenda mbio, jasho likashuka chini ya kofia,
nikalala juu ya zulia la watu
kama mtoto aliyechapwa.
Shemeji akasema: jicho hilo.
Nikasema: sukari.
Tukaachia hapo.

Ruwi, fundi Rafiq anapunguza kanzu mara ya tatu.
Ana pini mdomoni, haulizi kitu,
ila leo mabega ameyapima mara mbili.
Kitambaa anachokikata anakikunja,
ananirudishia mkononi
kama chenji.

Harusini, watu watano sinia moja.
Zamani nikikaa niliona macho yakihesabu nyama.
Siku hizi wananiita kwa sauti, "Hamdun, huku! Huku!"
wananipisha nafasi, goti kwa goti,
na mimi nasukuma vipande vya mbuzi kwa kidole
upande wao, kimoja, kingine,
nauchezesha mkono ndani ya wali
usije ukaonekana umekaa bure.
Kumbe nilichokuwa nikikipenda ni hicho pia,
vidole vya watu vikipishana kwenye moto.

Saa nane za usiku njaa huja.
Si ya tumbo. Tumbo limelala.
Ni mkono unaoamka, unatembea hadi kwenye friji,
unasimama penye mwanga, umesahau ulichofuata.
Nywele kwenye mto. Kidonge cha chuma.
Pete ya fedha nimeizungushia uzi isidondoke.

Lakini mama, kule Ibra.
Kila Ijumaa ananipakulia kama nilivyokuwa,
wali wa nazi, iliki, paja la kuku,
juu kawa, chini ya kawa moyo wake mzima.
"Kula, baba. Umebaki macho."
Nikala vijiko vitatu. Akangoja cha nne.
Nikangoja na mimi, labda kitatokea.
Midomo yake ilikuwa ikitafuna pamoja nami,
bila kitu ndani.

Kahawa ikastahimili nusu saa yangu.
Finjani ya kwanza. Ya pili nikainywa nusu,
nikaitikisa, kushoto kulia, kama tulivyofunzwa,
naye akaipokea, hakuuliza, hakununa.
Tangu lini mtu akalazimishwa kahawa?

Nikakaa kidogo.
Kisha nikafunua kawa,
nikaishika ile sahani ukingoni kwa vidole viwili,
nikaitikisa.
Punje zikaruka mkekani.

Mama akaitazama sahani. Akanitazama mimi.
Akacheka mpaka akashika mbavu,
kisha akaziokota, punje moja moja,
akazila yeye.